Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya piano za kale za Lubumbashi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mkoa wa Haut-Katanga mwenye dhamana ya utamaduni, kwa Mapadri na Wachungaji wasimamizi wa makanisa, kwa Wakurugenzi wa shule na kwa wasimamizi wa kumbi za mji wetu.

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Ninawaandikia mimi fundi wa piano, mkazi wa Kamalondo, niliyeifanya kazi hii ya kukaza nyuzi na kupatanisha sauti kwa miaka ishirini na sita. Habari zimenifikia kwamba piano ya mkia, ile ambayo nyuzi zake zimelala, iliyo katika ukumbi mmoja wa mji wetu, piano iliyotengenezwa Paris katika kiwanda cha Érard, itatolewa matumbo yake kabla ya mvua za Novemba, ili ndani ya sanduku lake pawekwe kinanda cha umeme. Seremala amekwisha kupima, na mnunuzi wa chuma chakavu amekwisha kutaja bei ya fremu. Sitautaja ukumbi wenyewe, kwa kuwa walioamua jambo hili si watu wabaya: wanataka watoto wapate chombo kinacholia, na piano ile haijalia vizuri kwa muda mrefu. Ninaomba tu barua hii isomwe hadi mwisho kabla bisibisi ya kwanza haijaingia.

Nimekwisha kuliona jambo kama hili kwa macho yangu. Miaka minne iliyopita taasisi moja ya hapa mjini iliniita niipatanishe piano yake ya kusimama, yenye vibonye 85. Nilipofika niliambiwa kwamba shauri limebadilika, na nyuma ya nyumba niliwakuta vijana wawili wakiipasua fremu kwa nyundo ya kilo kumi ili iingie kwenye mkokoteni. Nyuzi zilikuwa zimekatwa kwa koleo zikiwa bado zimekazwa, jambo ambalo lingeweza kumtoa mtu jicho. Vibonye vilikuwa vimemwagwa ndani ya gunia la unga wa mahindi. Sanduku lilipakwa vanishi mpya, kinanda cha umeme kikaingizwa ndani, na Noeli ile watu wote walisifu. Mwaka uliofuata umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, kinanda kikaungua, na hadi leo sanduku lile ni mahali pa kuwekea maua. Chombo kilichokuwa kimevumilia karibu miaka mia moja kilipisha kingine ambacho hakikufikisha miezi kumi na minane.

Gunia lile niliomba nikapewa. Usiku nilivipanga vibonye mezani kwa utaratibu wake, na kwenye ubavu wa kibonye cha kwanza upande wa besi, mahali ambapo mpigaji haoni kamwe, nilikuta maandishi ya penseli. Ni desturi ya mafundi wa piano kila mahali kuacha tarehe ndani ya chombo, ili fundi ajaye ajue ni lini kiliguswa. Palikuwa na tarehe nne kwa Kifaransa, na chini yake, mwaka 1958, palikuwa na mstari mmoja kwa Kiswahili, ukieleza kwamba nondo wamekula sufu na kwamba kazi imekwisha siku mbili kabla ya Noeli. Jina hakuweka. Mzee aliyenifundisha kazi, wa mtaa wa Kenya, alikuwa akituambia kwamba naye alifundishwa na mtu mweusi, zamani mji huu ulipoitwa Élisabethville, lakini sikuwa nimewahi kuona alama ya mkono wa wale waliotutangulia. Niliiona kwa mara ya kwanza ndani ya gunia la unga, na ilikuwa bahati tu kwamba gunia hilo halikwenda jalalani pamoja na mengine.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba piano ya kale isiguswe. Piano isiyoguswa hufa, tena hufa upesi katika hali ya hewa ya Katanga, ambako tangu Mei hadi Oktoba hewa hukauka mpaka milango ya mbao hulegea kwenye fremu zake, kisha mvua zikianza mbao zilezile huvimba. Nyundo za piano zimevikwa sufu iliyoshindiliwa, na sufu hiyo hugonga nyuzi mpaka ikawa ngumu yenye mifereji. Ngozi hukakamaa, chemchemi huchoka, nyuzi hushika kutu na kukatika. Vitu hivi vilitengenezwa vichakae, kama matairi ya gari, na yule aliyeiunda piano alijua kwamba vitabadilishwa. Fundi anayevitoa na kuweka vingine vya kipimo kilekile, unene uleule na uzito uleule, hakufanya kosa lolote. Amefanya kazi ambayo mwenye kiwanda alimwachia.

Kosa huanzia mahali pengine, kwenye sehemu ambazo zikibadilishwa sauti ya piano hiyo haiwezi kurudi tena. Ya kwanza ni ubao wa mwangwi, ule ubao mpana ulio chini ya nyuzi, wa mti wa nchi za baridi uitwao sprusi, wenye unene wa milimita nane hivi na uliotunishwa kidogo katikati. Nyuzi peke yake zina sauti ndogo kama ya mbu. Ubao huu ndio unaoipokea mitetemo yao na kuitupa hewani. Ukipasuka kwa ukavu, watu wengi husema umekwisha. Haujaisha. Ufa hufunguliwa kwa kisu, hujazwa kipande chembamba cha mti uleule, na gundi hushika. Nimefanya hivyo mara nyingi, na nyufa nilizoziba mwaka wangu wa pili wa kazi hazijafunguka hadi leo. Ya pili ni mpangilio wa nyuzi. Piano nyingi za kisasa zina nyuzi za besi zinazopita kwa mshazari juu ya nyingine, mtindo ambao Steinway wa New York waliuandikishia hataza ya piano za mkia mwaka 1859. Érard ya ukumbi ule nyuzi zake zote zinakwenda sambamba, na kwa sababu hiyo besi yake ni nyepesi na kila sauti husikika mbali na mwenzake, kama watu wanaozungumza kwa zamu. Mtu aliyezoea piano za leo akiisikia mara ya kwanza hudhani ina kasoro. Haina kasoro. Ina namna yake ya kusema, na namna hiyo ikiondolewa hapa mjini, mwanafunzi wa Lubumbashi atakayetaka kuisikia itambidi apande ndege.

Kuna jambo ambalo viongozi wa kwaya huniuliza kila mwaka, nami ninataka nilijibu hapa kwa ukamilifu, kwa maana limeharibu piano nyingi kuliko mchwa. Huniomba niipandishe piano ya zamani ilingane na magitaa na vinanda vya umeme, ambavyo noti yake ya La ni mitetemo 440 kwa sekunde. Kipimo hicho kilikubaliwa katika mkutano wa kimataifa wa London mwaka 1939. Kabla ya hapo Ufaransa ilikuwa na chake, mitetemo 435, kilichowekwa na serikali mwaka 1859, na piano nyingi za kifaransa za wakati huo ziliundwa kwa kipimo hicho. Tofauti inaonekana ndogo, sehemu moja ya tano tu ya nusu-toni, ile hatua ya kutoka kibonye kimoja hadi jirani yake, lakini kupanda huko huongeza mvuto wa nyuzi kwa zaidi ya asilimia 2; ikiwa nyuzi zote pamoja zinavuta kwa uzito wa tani 15, tumeongeza zaidi ya kilo 300 juu ya mbao zenye umri wa bibi zetu. Na mara nyingi piano imekwisha kushuka nusu-toni nzima kwa kutotunzwa. Kuirudisha kutoka huko ni kuongeza mvuto kwa asilimia 12 kwa mara moja. Nimesikia ubao wa vigingi, ule unaoshika vigingi vya kukazia nyuzi, ukipasuka ndani ya kanisa tupu saa tano za usiku, saa tatu baada ya mimi mwenyewe kukubali ombi la namna hiyo, nilipokuwa kijana nisiyejua kukataa. Sauti ile sijaisahau. Afadhali mpiga gitaa ashushe nyuzi zake sita kwa dakika moja, aifuate piano, kuliko piano yenye nyuzi zaidi ya mia mbili ilazimishwe kumfuata yeye.

Ubishi juu ya mambo haya si wa Lubumbashi peke yake. Aliyeianzisha piano, Bartolomeo Cristofori wa Florence, aliacha piano nyingi, na zilizobaki duniani ni tatu tu: ya mwaka 1720 iliyoko New York, ya 1722 iliyoko Roma na ya 1726 iliyoko Leipzig. Ile ya New York ndiyo kongwe kuliko zote, lakini mafundi wa baadaye waliirekebisha sana ili ipigike vizuri zaidi: vibonye vyake vilisogezwa kwenye sauti nyingine, na mwaka 1938 ubao wake wa mwangwi ukabadilishwa. Kila mmoja wao alikuwa na nia njema. Leo mtu anaweza kusimama mbele ya piano kongwe kuliko zote duniani, akaambiwa na wataalamu kwamba sauti anayoisikia si ile aliyoisikia Cristofori, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha, kwa kuwa ubao wa kwanza haupo.

Wapo pia waliochagua njia nyingine. Mwaka 2011 mpiga piano Daniel Barenboim aliicheza huko Siena piano iliyokuwa ya mtunzi Franz Liszt, iliyofanyiwa ukarabati, akavutiwa na sauti za nyuzi zake zinazokwenda sambamba. Alitaka chombo chenye sauti hiyo lakini chenye nguvu za kumbi za leo. Hakuichukua piano ya zamani akaigeuza. Alimwendea fundi wa Ubelgiji, Chris Maene, akaundiwa piano mpya kabisa, iliyoonyeshwa London mwaka 2015. Ninajua kwamba sisi hatuna fedha za Barenboim. Lakini kinanda cha umeme cha bei nafuu kwa ajili ya watoto kinaweza kusimama juu ya miguu yake, kando ya piano, na kikiungua kitatupwa peke yake.

Sasa nije kwenye pembe, na hapa ninaomba uvumilivu wenu, kwa sababu hili ndilo linalonigusa zaidi kuliko sauti.

Vibonye vyeupe vya piano za zamani vimefunikwa kwa vipande vyembamba vya pembe ya ndovu, unene wake kama milimita moja. Mkitazama kwa karibu mtaona kwamba kila kibonye kina vipande viwili, kichwa kipana na mkia mwembamba, na mahali vinapokutana pana mstari mwembamba kama unywele. Vikiachwa gizani chini ya kifuniko hugeuka rangi ya manjano. Vikipata mwanga hurudi weupe wake polepole. Jasho la vidole halitelezi juu yake kama juu ya plastiki. Siku hizi watu huja na mapendekezo mawili juu ya pembe hizi. Wa kwanza wanataka kuzibandua na kuziuza. Wa pili, ambao ninawaheshimu, wanasema ni aibu kwa shule au kanisa kuwa na mabaki ya ndovu waliouawa, kwa hiyo zibanduliwe na plastiki iwekwe.

Wa kwanza ninawajibu kwa ufupi: ndovu wa Afrika waliingizwa mwaka 1989 katika orodha ya juu kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na atakayezunguka na pembe mpakani Kasumbalesa anatafuta jela. Wa pili ninawajibu kwa kirefu zaidi. Kiswahili hiki ninachowaandikia kiliingia mashariki mwa nchi yetu pamoja na misafara ya pembe. Hamed bin Muhammed, ambaye tunamjua kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na ngome Kasongo katika Maniema, na kutoka huko pembe zilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao watumwa, kupitia Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo na Zanzibar. Mwaka 1887 mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya kuwa wali, yaani gavana, wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Hapa Katanga, Msiri wa Bunkeya alifanya biashara ya shaba na pembe hadi alipouawa mwaka 1891. Baadaye pembe za Kongo zilielekezwa magharibi, zikauzwa Antwerp, wakati pembe za Zanzibar ziliendelea kuvuka bahari hadi Connecticut nchini Marekani, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, ambako viwanda vilizipasua kuwa vibonye vya piano. Sifahamu ndovu yupi yumo katika piano ipi, wala hakuna awezaye kujua. Lakini pembe hizo zilisafiri kwa njia ile ile iliyotuletea lugha yetu, nazo huenda zimerudi kwetu zikiwa zimelala juu ya mbao, na nyuzi za besi zilizozungushiwa shaba zikiwa karibu nazo. Tukizibandua, ndovu hafufuki na mpagazi hapumziki. Tunachopata ni piano isiyomuuliza mtoto swali lolote. Mimi ninapowafundisha vijana huwawekea kidole chao juu ya mstari ule kati ya kichwa na mkia, kisha ninawasimulia njia hiyo kuanzia Kasongo, na hakuna somo lingine wanaloninyamazia namna ile.

Kwa hiyo kipande cha pembe kikidondoka, kirudishwe chenyewe. Kikipotea, kitafutwe kwenye piano iliyokwisha kufa. Na kibandikwe kwa gundi ya ngozi, ile ya kupashwa moto, kwa sababu gundi hiyo hulainika kwa joto na maji, na fundi wa miaka hamsini ijayo ataweza kulibandua kosa langu bila kuvunja kitu. Gundi ya papo hapo inayouzwa sokoni hairudi nyuma. Ninaiogopa kuliko shoka, kwa kuwa shoka hakuna anayelishika akidhani anatengeneza.

Nakiri kwamba zipo piano zisizofaa kuokolewa. Nimewahi kufungua moja ambayo mchwa walikuwa wamebakiza rangi tu, ukuta wa mbao ukabonyea chini ya kidole changu kama mkate uliolowa. Piano kama hiyo ipewe heshima ya kutoa viungo: vibonye vyake, vigingi vyake, skrubu zake za shaba nyeupe zilizowekwa na viwanda vya Ulaya kwa ajili ya nchi za joto, ambako gundi peke yake haikutosha. Érard ya ukumbi ule haiko hivyo. Niliifungua kwa ruhusa miaka mitatu iliyopita. Ubao wake wa mwangwi una nyufa mbili, upande wa sauti nyembamba. Umbile lake la kutuna bado lipo. Nyuzi kumi na nne hazipo na vigingi vya oktava moja vimelegea. Mashine yake ya nyundo, inayofuata mfumo ambao nyumba ya Érard iliuleta mwaka 1821 ili mpigaji aweze kurudia sauti kabla kibonye hakijapanda juu kabisa, inafanya kazi kwenye vibonye sitini na tisa. Hiyo ni kazi ya miezi minne kwa watu wawili.

Na piano hizi si za wageni waliozileta kwa treni. Katika mji huu alifanya kazi Joseph Kiwele, mtunzi aliyeingiza sauti za Katanga katika muziki wa kanisa kabla ya kuwa waziri wa elimu wa Katanga, na baada yake wamepita walimu wa nota na viongozi wa kwaya wasiohesabika ambao walijifunza La na Re juu ya vibonye hivihivi vya manjano, katika shule hizi hizi ambazo leo zinataka kuvitupa.

Mheshimiwa Waziri, nchi yetu inayo Sheria-amri namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 kuhusu ulinzi wa mali za utamaduni. Ninakuomba ofisi yako, kwa msaada wa Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, iziorodheshe piano zote za kale zilizo katika shule, makanisa na kumbi, na iagize kwamba isifunguliwe hata moja kwa nia ya kubadilishwa mpaka mafundi wawili wasiokula pamoja wameitazama na kuandika walichokiona. Kwenu Mapadri, Wachungaji na Wakurugenzi, ombi langu ni dogo zaidi. Mkimwita fundi, mwambieni apige picha kabla ya kugusa, aandike kila alichotoa na alichoweka, na kila kilichotoka kiwekwe ndani ya sanduku lenye jina la piano, libaki ndani ya nyumba hiyohiyo. Nyundo kuukuu ni kipimo. Asiyeiona hawezi kutengeneza nyingine kama ile. Mkiulizwa na fundi sababu ya masharti hayo, mwambieni ni mimi niliyewashauri, anilaumu mimi.

Kuhusu Érard, niko tayari kuanza hata kesho. Malipo yangu nitayagawa kwa miezi mtakayoipanga ninyi, nyuzi nitaziagiza kwa bei yake ya ununuzi, na nitakuja na vijana wawili wa mtaa wa Katuba ambao wanajifunza kazi hii na hawajawahi kuiona piano ya nyuzi sambamba kwa ndani. Kabla ya hapo ninaomba jambo moja tu la haraka: ufunguo wa ukumbi urudi kwa msimamizi, na seremala aambiwe asubiri. Nami ningependa siku ya kuifungua mwepo, tuvute kibonye cha kwanza cha besi pamoja, tuusome ubavu wake.

Wenu katika kazi,

Fundi wa piano, Kamalondo, Lubumbashi